Kinanda cha Anko Kimani Kwenye Harusi ya Dada

Haki ni aibu, na nawaambia tu kwa sababu mtasikia kwa wengine vibaya zaidi.

Mimi hupiga kinanda kanisani Ruiru, kile cha kawaida, unabonyeza kinatii. Dadangu Wanjiru alipokuwa anaolewa nikaona hicho ni cha watoto (kiburi, najua), nikaenda Thika kwa Anko Kimani, ndugu ya mama, aliyepigia bendi enzi zake, nikamwomba sinthesaiza yake ya zamani, kinanda cha umeme chenye vifundo vingi vya kuzungusha usoni na matundu ya kuchomeka waya, na ukihamisha waya sauti inageuka kitu kingine kabisa. Wazee wa Thika bado husema iliwachezesha hadi soli zikaisha.

"Chukua," Anko akasema, "lakini usichomeke waya. Bila waya inaimba vizuri tu."

Nikasema sawa. (Mdomo ndio ulisema.)

Basi Jumamosi tuko kwa hema huko Mugutha, Wanjiru anaingia polepole na baba, nikapiga noti za kwanza, tamu, nzito kama uji wa wimbi, hadi mama ya bwana harusi akafunga macho akitikisa kichwa, na mimi nikavimba kichwa, nikachomeka waya mmoja, mmoja tu, wa kuongeza utamu.

Ikaanza kunguruma. Zzzzz, inapanda, inashuka, naondoa vidole hainyamazi, nazungusha kifundo inazidi, na spika ziko nyuma ya wageni. Mzee mmoja akaruka: "Nyuki! Ngai, ni nyuki!"

Nani angengoja kuhakikisha? Watu wakaingia shamba la mahindi la jirani, wakwe wakiwa mbele, pasta akajifunika kitambaa cha meza, keki ikaanguka, na baba akamvuta bibi harusi mbio wakarudi walikotoka, wakipenya vichakani. Nilipokumbuka kuchomoa umeme, kimya kikaingia, vichwa vikachomoza kwenye mahindi kimoja kimoja, vyote vikiniangalia.

"Kumbe ni wewe?" Wanjiru akauliza, shela imejaa majani.

Ndoa ilifungwa, bila muziki. Anko pekee ndiye alikuja kwangu, nikajiandaa kutukanwa.

"Hiyo sauti nimeitafuta maisha yangu yote," akanong'ona. "Ulichomeka wapi?"

Sikumbuki. Hajanisamehe hilo.

Siku hizi nikialikwa harusi nakaa nyuma, mikono mitupu, napiga makofi tu, na hata hayo nangoja wengine waanze.