Paa Lililomwaga Maji Barabarani

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi. Shule sikuiona, nilifika chuo cha Kurani tu, juzuu chache. Lakini bati bovu nililijua kwa kuligonga kwa kidole, na mteja mwongo nilimjua kabla hajakaa kitini. Yeye juu, mimi chini. Ndivyo tulivyoiendesha kazi yetu mjini Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, na ilituendea vizuri.

Uhuru ukaja, na nyuma yake serikali ya vijana, ikapiga marufuku harusi kubwa. Kwetu nyumba ni ya binti, na huezekwa anapokaribia kuolewa. Harusi zikisimama, nyundo nazo husimama. Tukavuka kwenda Moroni, mji mkuu, kisiwa cha Ngazidja, na mafundi wetu wawili.

Kazi ya kwanza tulipewa na mama mmoja mjane, muuza vitambaa, aliyekuwa akimjengea binti yake kimyakimya. "Harusi wamekataza," aliniambia, "nyumba hawajakataza." Akatuachia ufunguo, akaenda Ikoni, mji wa jirani, kumuuguza dada yake.

Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo kubwa limechimbwa. Sisi watu wa Ndzuani, mto unapita karibu na mlango. Tukaliona shimo, tukasema hiki ni choo. Basi mume wangu akalilaza paa lote lielekee barabarani, maji yasije yakajaza choo cha watu. Nikamsifu kwa busara hiyo. Kuuliza, hatukuuliza.

Mwenye nyumba alirudi siku ya mvua ya kwanza. Ngazidja haina mito, bibi zangu. Watu wanakunywa kinachoanguka juu ya paa, na lile shimo lilikuwa la birika, tangi la kuwekea maji ya mvua. Maji yote ya binti yake yalikuwa yakimwagika njiani, na wanawake wa mtaa wameshakuja mbio na mabeseni.

"Shemeji wa Ndzuani, Mungu akuzidishie! Umetufungulia bomba!"

"Mwambie atuletee na sabuni!"

Mwenye nyumba hakucheka. "Bwana fundi, mwanangu akiingia humu atakunywa nini, barabara? Nakupa wiki moja. Ikipita, naita wengine, na Moroni hii hutapigilia hata banda la kuku."

Alikuwa na uwezo huo. Dukani kwake hupita kila mwenye binti. Nikamvuta mume wangu pembeni.

"Pasua mapipa, tengeneza mfereji, uyazungushe maji mpaka nyuma. Siku mbili tumemaliza."

"Na pipa likishika kutu?"

"Wakati huo tutakuwa nyumba nyingine."

"Wewe ungeyanywa maji hayo?"

Nikafungua kitambaa changu, nikaanza kuhesabu fedha zetu.

Akamwendea yule mama, mabeseni bado yamejipanga pale. "Mama, kosa ni langu. Nilidhani choo." Wanawake walicheka mpaka wakamwaga maji yao wenyewe. Yeye alisimama palepale, kofia imelowa, akangoja kicheko kiishe, ndipo akaomba ngazi. Nimeolewa na mwanamume huyo miaka mingi, lakini sijui siku nyingine aliyonipendeza vile.

Akaezua paa zima. Kila bati alilitia alama ya mkaa, lirudi juu ya mbao zilezile na misumari ipite matundu yaleyale, pasivuje hata tone. Ukuta wa mbele tukaupandisha kwa matofali tuliyonunua wenyewe, ili paa sasa lielekee nyuma, birikani. Vijana wa kamati ya mtaa walipita wakatuuliza kwa nini tunabomoa nyumba mpya. Nikawaambia waende wakabomoe mahali pengine, hapa tunajenga. Mmoja wa mafundi wetu, aliyekuwa mwashi, akalipaka birika saruji. Siku ya saba alasiri, bati la mwisho likakaa.

Mvua ilichelewa. Ilipokuja, yule mama alitoka hadi kwenye birika, akainama kabisa, sikio chini, akasikiliza linavyojaa. Alipoinuka hakutusifu. Alisema tu, "Dada yangu wa Ikoni ana nyumba haina paa. Kesho njooni."

Tulikwenda, na baada ya Ikoni hatukurudi Mutsamudu kutafuta kazi. Kila nyumba, kabla hajatoa nyundo mfukoni, mume wangu alimwomba mama mwenye nyumba amwonyeshe kwa mkono wake maji yatakaa wapi. Mafundi wa Moroni walimwona mshamba. Akawaacha wamwone hivyo, akapanda ngazi.