Mstari Mtupu wa Akina Tansey

Kwa miaka ishirini na miwili Malachy Tansey aliwagawia watu mababu bila kutoza hata senti, na kama babu mmoja mmoja hakuwa wa kweli, hakuna aliyemrudisha.

Alikuwa tarishi wa posta katika parokia ya Kilbrackan, jimbo la Roscommon, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa kijigari cha kijani kilichonuka mbwa wa watu wengine. Alianza kuwatafutia wageni mababu angali kazini, na alipostaafu akabaki na kazi hiyo tu. Wageni walikuja kila kiangazi, wengi kutoka Amerika, wamevaa makoti ya mvua ya bei mbaya na macho yamekwisha lowa kabla mvua haijaanza. Walimtaka babu wa babu, aliyekimbia njaa au aliyefukuzwa shambani, na walitaka kugusa ukuta wake.

Shida ya Kilbrackan ni desturi. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Ni desturi nzuri, inawaheshimu wazee, na imeharibu kila daftari la ubatizo kanisani. Kuna mwaka parokia ilikuwa na Bartley Tansey watano kwa mpigo, wote hai, wawili hawasalimiani. Ndiyo maana watu wakabandikana majina ya pembeni: Tansey wa Mbuzi, Tansey wa Mlimani, Tansey Wafumaji, ingawa mfumaji wa mwisho alikufa kabla ya reli kufika. Majina hayo padri hakuyaandika popote. Yalikaa midomoni mwa watu na kichwani mwa tarishi, maana barua ya Bartley Tansey ikikosea mlango inaweza kuvunja ndoa.

Hata hivyo Malachy alikosea. Mwaka wa tisini na nne ilikuja familia kutoka Chicago, watu kumi na mmoja, akawaonyesha gofu la Tansey wa Mbuzi. Walilia. Waliimba. Mmoja alibusu kizingiti. Waliondoka na jiwe la ukuta ndani ya sanduku la nguo. Wiki mbili baadaye Malachy akagundua kwamba wale walikuwa Tansey wa Mlimani, na pale walipoimbia hapakuwa hata nyumba ya Tansey wa Mbuzi, palikuwa banda lao la nguruwe. Kila Krismasi walimletea kadi yenye picha ya jiwe hilo juu ya meko, wamelizungushia taa. Malachy alijibu kila kadi. Hakuwahi kusema neno.

Yeye mwenyewe alikuwa wa Wafumaji, na kinyozi ndiye mwenye nywele mbaya: mtu mmoja tu wa kwao alikuwa hajawahi kumpata. Baba yake mkubwa, Bartley, alikwenda Amerika mwaka 1915. Ndivyo ilivyosemwa nyumbani siku zote, kama isemwavyo kwamba mvua hutokea magharibi. Malachy alipekua orodha za abiria wa meli mpaka akawajua makapteni kwa majina. Aliandikia parokia za Boston na Filadelfia. Alipata akina Bartley Tansey kumi na wanne, mmoja akiwa mwizi wa farasi, na hakuna aliyekuwa wao.

Nyumbani alibaki na dada yake Dympna, aliyemzidi miaka saba. Hakuna kati yao aliyeoa wala kuolewa. Dympna alisema aliwaona wanaume wa Kilbrackan kwa karibu mno. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika orodha ya marehemu. Kila mwisho wa Oktoba, katika kila nyumba pale, huandikwa majina ya wafu wa ukoo, karatasi hutiwa ndani ya bahasha, bahasha huwekwa altareni, na Novemba nzima wanaombewa. Majina hayasomwi. Mungu anatarajiwa kuona ndani ya bahasha. Dympna alinakili orodha ya mama yake, ambaye naye alinakili ya bibi: babu, bibi, kisha mstari mmoja mtupu, kisha wengine. Malachy aliuona mstari ule tangu utotoni akadhani ni mapambo.

Oktoba hiyo alikuja mama mmoja kutoka Massachusetts, Verna Dombrowski, mpana, mchangamfu, miguuni raba nyeupe zilizokwisha kuwa kahawia.

"Bwana Tansey, nimeambiwa wewe ndiye mwenye wafu."

"Wafu wana Mungu, mama. Mimi nina anwani tu. Wewe ni wa nani?"

"Bibi yangu alikuwa Nora Tansey. Alisema tu kwao kulikuwa na mbuzi."

"Basi karibu ndani, nawe ni wa Mbuzi. Na safari hii," alijisemea moyoni, "nitakupeleka kwenye nyumba."

Alimpeleka. Mama akalia inavyopaswa, kisha wakarudi kunywa chai na mkate wa magadi, Dympna akiwa kwenye misa. Hapo Verna akatoa barua.

"Hii ilikuwa kwenye vitu vya bibi. Ni ya mchumba wake wa huku, hakumfuata kamwe. Labda utamjua. Amejiita Bartley Mfumaji."

Malachy aliishika barua kwa mikono miwili. Ilikuwa ya mwaka 1916, kutoka kambi ya jeshi kule Fermoy, humohumo nchini.

"Nora wangu," ilisema, "nimeingia jeshi la Mfalme wa Waingereza. Najua utanitukana, basi anza sasa, nikifika nikukute umemaliza. Mshahara wao ndio utakaonikatia tiketi ya kuja kwako. Mama anajua na analia. Majirani tumewaambia nimekwisha panda meli. Si uongo, ni ukweli uliotangulia safari."

"Unamjua?" Verna aliuliza.

"Hapana," Malachy akasema. "Ndiyo shida yenyewe."

Asubuhi iliyofuata alikwenda maktaba ya mjini. Msichana wa pale, Sorcha, alifungua orodha za wanajeshi kwenye kompyuta, na kabla kiti cha Malachy hakijapata joto akasoma: "Tansey, Bartholomew, yaani Bartley, wa Kilbrackan. Askari wa kawaida. Agosti 1917, Ubelgiji. Kaburi halijulikani. Hukuwahi kumtafuta humu?"

"Kwetu hakukuwa na mwanajeshi."

"Kila anayekaa kiti hicho husema hivyo," Sorcha akasema, akamchapishia.

Miaka ishirini na miwili ya meli, na mtu alikuwa kwenye daftari jingine, la jeshi.

Alirudi mchana huohuo, Jumamosi. Kesho yake bahasha zilikuwa zinakusanywa. Dympna alikuwa mezani na miwani, kalamu na karatasi safi. Alikuwa amekwisha andika babu na bibi, na kalamu ilikuwa inaruka kwenda mstari wa tatu. Malachy akaweka barua na karatasi ya Sorcha juu ya meza.

"Ulijua?"

Dympna alisoma zote mbili bila haraka. "Kunywa chai, itapoa."

"Dympna, ulijua! Miaka yote hiyo mimi nawaandikia mapadri wa Filadelfia kama mwombaji, wewe unaninunulia stempu!"

"Ulikuwa na furaha. Na ulikuwa huniingilii jikoni."

"Sawa, na najua kwa nini. Baba alimwonea aibu. Kaka yake amevaa sare za Mfalme, yeye anapigania uhuru, anawavizia Waingereza haohao nyuma ya ua na bunduki."

"Baba na bunduki?" Dympna akacheka puani. "Baba yetu vita vyake vyote aliwabebea wenzake mayai ya kuchemsha. Aibu gani? Kaa chini, acha kunisimamia kama askari wa kodi."

Akakaa.

"Nilikuwa na miaka tisa," Dympna akasema. "Bibi alinikalisha hapo ulipo. Nilimuuliza, mstari huu wa nani? Akasema, wa Bartley. Jeshi lilileta karatasi, halikuleta mtu. Nani amemwona amekufa? Hii ni orodha ya marehemu, mtoto wangu. Nikimwandika mwanangu humu, nitakuwa mimi niliyemuua. Mwachieni mstari wake. Siku akirudi kutoka Amerika ataona hatukumsahau, na hatukumzika. Nikamwahidi. Nimemwahidi mfu, Malachy. Wewe wafu unawapeleka popote, mimi siwezi."

Malachy akajivutia karatasi. Alitazama ule mstari. Kumbe Amerika haikuwa uongo wa aibu. Bibi alikuwa na mtoto asiye na kaburi, akamtafutia mahali pa kukaa, palepale mtoto mwenyewe alipokuwa amesema anakwenda. Akalikumbuka jiwe la Chicago na taa zake. Alikuwa amejiona mwongo peke yake katika ukoo.

"Dada," akasema taratibu, "angekuwa na miaka mia na kumi na miwili."

"Hesabu naijua."

"Hata Amerika watu hufa."

"Wanachelewa, nasikia. Wana vidonge."

"Tukifa sisi wawili, huu mstari nani ataujua? Atakayeokota karatasi atasema tu, yule bibi alikuwa na nafasi ya kuchezea. Bibi alimwachia pa kurudia. Sisi ndio pa mwisho. Hapana mwingine wa kumngoja."

Dympna alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa tena. Nje trekta la jirani lilipita, na mbwa akalisindikiza mpaka kona kama kawaida yake.

"Nisomee tena pale pa matusi," akasema.

"'Najua utanitukana, basi anza sasa, nikifika nikukute umemaliza.'"

Dympna akacheka, safari hii kwa mdomo wazi, na machozi yakamtoka palepale bila kugombana na kicheko. "Na huyo Nora naye hakumaliza, namjua mtu wa Mbuzi." Akavuta karatasi. Akaandika polepole: Bartley Tansey. Akafikiri, akaongeza: wa Wafumaji.

"Hilo la nini? Mungu si tarishi."

"Walikuwa watano, Malachy. Sitaki aombewe yule wa Mlimani."

Akaandika mwaka, akapuliza wino, akaendelea: baba, mama, shangazi aliyekufa kwa kifua. Alipofika chini kalamu ikaruka mstari mmoja, mtupu.

"Na huu wa nani tena?" Malachy akauliza.

"Wako, usipoondoa hicho kiwiko kwenye siagi."

Malachy akaondoa kiwiko.