Nilivyolisugua Gari la Mkwe kwa Majivu

Waliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe. Binti yangu wa mwisho, aliyeolewa Homa Bay. Mke mwenzangu, yule mkubwa. Mume wetu tulishamzika, lakini boma bado ni moja na kuni tunaokota pamoja. Na fundi wa rangi, jirani wa ng'ambo ya njia, aliyepaka magari Migori mjini miaka mingi mpaka kifua kikamkataza. Wa tano ni mkwe wangu, mume wa huyo binti, ila yeye hakuwepo mwanzo, na hofu yangu yote ilikuwa ya kumngoja arudi. Majina yao ninayo yote, ya ubatizo na ya ukoo, hata la mama yake fundi ambaye alikufa zamani. Sitayaandika. Wako hai, na wengine wana maneno mengi.

Mkwe alifika Ijumaa asubuhi akielekea Kegonga kwenye matanga ya mwenzake wa kazini. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Akaambiwa barabara ya kupanda huko imekuwa kama uji, basi akaliacha gari kwangu, na mke wake pia, akapanda boda boda. Angerudi Jumapili mchana, amchukue mke wake, waende zao Homa Bay. Ufunguo aliutia mfukoni akaenda nao.

Kwetu Wajaluo, mama mkwe na mkwe hawazoeani. Simpi mkono. Sili mbele yake. Akiingia bomani mimi napita nyuma ya jikoni. Si chuki, ni heshima, lakini ni heshima inayokufunga. Mtu anamtunza mtoto wako, na wewe huwezi hata kumshikia maji ya kunawa. Kwa hiyo alipoondoka, nikaliangalia lile gari jeusi likiwa limejaa tope mpaka kwenye vioo, nikasema moyoni, haya, leo nimepata cha kumfanyia. Atarudi alikute linang'aa, na hatutahitaji kuongea.

Mimi nimezaliwa kisiwani, Takawiri. Kule msichana alifundishwa kusugua sufuria kabla ya kufundishwa kupika. Tulisugua kwa mchanga wa ufukoni na kipande cha wavu mkuukuu, kwa kuzungusha, mpaka ujione meno. Huku nilikoolewa hakuna ziwa, natumia majivu niliyoyachekecha, lakini wavu ninao mpaka leo. Nikachukua ndoo moja ya maji, bakuli la majivu na wavu wangu. Nikaanza boneti. Nikazungusha, nikazungusha, nikamaliza, nikaingia mlango wa dereva. Maji yakiwa juu yake lilikuwa zuri ajabu. Nilikuwa naimba.

Binti yangu alitoka ndani akasimama. Jua lilikuwa limetoka na boneti ilikuwa inakauka, na pale palipokauka nikaona mviringo, na mviringo mwingine, na mingine mia juu yake, kama buibui wote wa Migori wamefuma hapo.

"Mama," akasema. "Umetumia nini?"

Nikamwonyesha wavu.

"Mama, hiyo gari si yake! Ni ya ofisi. Ni ya mkubwa wake!"

Hapo niliuweka wavu chini. Mkwe wangu ni dereva. Alikuwa na barua ya onyo tayari, kwa kuchelewa. Na mimi nilijua kitu ambacho kila mtu bomani alijua na hakuna aliyekitaja: miaka miwili nyuma alikaa bila kazi, nyumba yao ikaharibika, maneno yakawa mengi, na binti yangu akarudi kwangu na begi moja akakaa msimu mzima wa mahindi. Alipopata kazi hii ndipo alipokuja kumchukua. Kazi hiyo ndiyo ilikuwa imeishikilia nyumba yao. Na mimi nilikuwa nimeisugua kwa majivu.

Mke mwenzangu akaja na fimbo yake, akalizunguka gari.

"Nyieka," akaniambia, ndivyo tunavyoitana sisi wake wa mume mmoja. "Kwani umemwogesha mkwe?"

"Nimeosha gari."

"Umemwogesha mkwe! Umemsugua mgongo na tumbo! Aki haya sijawahi kuona tangu nizaliwe."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akamwona binti analia, akanyamaza, akasema, "Muite yule fundi. Haraka, kabla jua halijashuka."

Alisema hivyo kwa sababu fundi ni Msabato. Ijumaa jua likizama, yeye hagusi kazi mpaka Jumamosi jua lizame tena. Sisi ni Wakatoliki na siku zote tulimtania, lakini siku hiyo hatukuwa na utani.

Alikuja saa kumi. Kwanza aliliosha gari upya kwa sabuni ya maji na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuza kitambaa. "Ndoo moja ndiyo ilikuponza kwanza," akasema. "Tope ni mchanga, Mama. Ulikuwa unauchota na kuurudisha. Majivu yalikuja kusaidia tu." Akalikausha, akapitisha tochi ya simu kwa upande, na ile mitandao ikaamka yote. Akapitisha ukucha juu ya boneti, polepole, amefumba macho. "Ukucha haukwami. Hii itatoka." Akaenda mlangoni, karibu na kishikio. Ukucha ukakwama. Nilisikia.

"Hii si wavu," akasema. Akanitazama mkono. "Mama, hiyo bangili uliivua?"

Sikuivua. Ni ya shaba, nimeivaa tangu kifungua mimba wangu. Nikauficha mkono kwenye leso kama mtoto.

Akatueleza akiwa amechuchumaa. Juu ya rangi kuna vanishi, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Mkwaruzo hauondolewi, unaishusha vanishi ya pembeni mpaka mkwaruzo ukose mahali pa kukaa. Kwa hiyo kila ukisugua, unapunguza. "Na ukiimaliza hutajua mpaka imeisha. Kitambaa kikianza kutoka na weusi, acha hapo hapo. Ujue umeifikia rangi yenyewe." Alibandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye kingo, kwa sababu kwenye kingo vanishi ni hafifu zaidi, akachota dawa ya kung'arisha kiasi cha punje ya njugu, akasugua mahali padogo kama sahani, mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, bila kuzungusha. Akafuta. Pale mahali pakawa maji meusi yaliyotulia.

Nikaanza kumshukuru. Yeye akatazama kilima, akafunga mkebe wake.

"Jua limetua, Mama."

"Mwanangu, boneti nzima imebaki!"

"Jumapili alfajiri nitakuja. Mkebe nawaachia. Mkitaka kuendelea siwazuii. Lakini kesho msiniulize."

Jumapili alfajiri kwa kazi ya mkono, na mkwe anafika mchana. Nilihesabu saa, sikuona zikitosha.

Kwa hiyo Jumamosi tulifanya wenyewe. Ufunguo hatukuwa nao wa kulisogeza gari kivulini, na fundi alisema dawa haitaki bati lenye moto, basi tulifunga turubai kwenye miti minne, mke mwenzangu akishika upande mmoja na kutoa amri. Binti alisugua, mimi nilifuta. Sijawahi kuogopa kitambaa hivyo. Kila alipokiinua tulikitazama wote watatu kabla ya kupumua. Cheupe. Tena. Cheupe. Sahani moja, sahani nyingine. Nikamwambia apumzike, akasema, "Nikipumzika nitafikiria."

Alipofika chini ya kioo cha mbele akakiinua kitambaa, na kilikuwa na weusi.

Hakulia. Aliketi tu kwenye nyasi akakishika mapajani. Mke mwenzangu akasema, "Funikeni, acheni, labda mvua itanyesha aone ni mvua." Mimi nilimnyang'anya kile kitambaa nikaondoka nacho, na leso yangu ya jikoni, na ndala.

Kanisa la Wasabato liko mbali kidogo. Nilifika wanasoma. Nikakaa benchi la mwisho, Mkatoliki mzima nikinuka dawa ya gari, nikamngoja fundi hadi alipotoka kumpeleka mjukuu chooni. Nikamwonyesha kitambaa. Sikusema neno, kwa sababu alisema tusiulize.

"Mama. Leo ni Sabato."

Nikaendelea kukishika mbele yake. Nadhani uso wangu ndio uliomwambia. Alitazama huku na huku, akaugusa weusi ule kwa kidole, akaufikicha.

"Raba," akasema, akaingia ndani.

Nilirudi mbio, kwa umri huu. Kweli, chini ya kioo kuna ukanda wa raba nyeusi, na binti alikuwa ameugonga kwa kitambaa. Vanishi ilikuwepo. Tukacheka kicheko kibaya, kile cha mtu aliyeponea kugongwa. Jioni boneti ilikuwa imekwisha.

Jumapili fundi alikuja kabla ya jogoo kunyamaza, akautengeneza mlango, akapaka nta gari zima. Mchoro wa bangili ukabaki. Akaushusha kidogo, ukafifia, akaacha. "Nikiendelea nitatoboa. Huu unahitaji rangi na mashine, si mkono." Urefu wake ni kama kidole changu cha kati.

Ukiwa mbali huuoni. Na hapo ndipo tulipogombana.

"Nyamazeni," mke mwenzangu alisema. "Atadhani ni mti wa njiani. Na wewe nyieka huruhusiwi hata kuongea naye, sasa utaongea nini?"

Binti akasema, "Mama, Mama Mkubwa anasema kweli. Tuache tu."

Nilitaka kuacha. Naandika ukweli, nilitaka sana. Lakini niliwaza mkubwa wa ofisini Jumatatu akiuona, akimwuliza mkwe, na yeye akisema hajui. Dereva asiyejua gari lake limechubuka wapi. Au aujue baadaye, na ajue kwamba mke wake alijua akaketi kando yake safari yote mpaka Homa Bay bila kusema. Mara hii begi lingerudi kwangu kwa sababu yangu mimi.

Mkwe alifika saa nane. Niliingia jikoni nikafunga mlango, nikasimama nyuma yake. Nilimsikia anasema, "Lo, nani ameosha?" Nikasema kupitia ubao wa mlango, kwa sauti ya juu kama mtu anayeita ng'ombe:

"Ni mimi. Niliosha kwa majivu nikaliharibu. Limetengenezwa. Karibu na kishikio cha mlango wako kuna mchoro haukutoka, ni wa bangili yangu. Mtoto wangu hana makosa. Alinikuta nimeshamaliza."

Nilisikia viatu vyake vikizunguka gari, vikasimama, na nilijua amesimama wapi. Vilikaa pale muda mrefu. Nilitazama mlango ule kwa ndani, misumari yake yote naijua sasa.

"Nimesikia, Mama," akasema.

Hayo tu. Wakaondoka.

Jumatatu simu haikulia. Sikula. Jumanne jioni binti alipiga. Mkubwa aliuona mchoro, akauliza. Mkwe akamwambia mbele ya watu wa ofisi, "Mama mkwe wangu alitaka kunioshea gari." Walicheka, lakini mkubwa hakucheka. Alimwondoa kwenye gari lile, akampa pikapu ya kubeba mabomba ya maji. Kazi anayo. Sasa anashinda vijijini, anarudi na vumbi.

"Na wewe?" nikamwuliza. "Amekuambia nini wewe?"

"Aliniambia nisikupigie Jumatatu, mpaka ajue kwanza kama ana kazi. Hakutaka uogope bure."

Ndivyo ninavyokumbuka. Mke mwenzangu anasema nilipokuwa nyuma ya mlango nililia. Mimi sikumbuki kulia. Binti anasema ilikuwa saa tisa, si saa nane. Fundi anakana kwamba alitamka lolote siku ya Sabato. Mkwe wangu sijamwuliza, na siwezi kumwuliza. Kama ulikuwepo, au ulisikia kwa aliyekuwepo, na kuna mahali nimepotosha, njoo uniambie. Nipo bomani, nitaisahihisha mbele yako.