Maombi Niliyoyaanzia Chooni

Haya ninayowaambia, ndugu zangu, nikiyakumbuka nafunika uso kwa kofia hata nikiwa peke yangu. Mimi ni mkuu wa komite ya maji na usafi hapa kwetu Lubondja, tena mzee wa kanisa. Wageni wa mradi walipotoka mjini Baraka kutuuliza tunataka vyoo vya namna gani, niliwajibia wote: kimoja kikubwa, karibu na kanisa, kila mtu akitumie. Mama Riziki akainua mkono asemee akina mama, mimi nikasema saa imeenda, tufunge kwa maombi. (Naam, nilimnyamazisha mtu kwa jina la Bwana.)

Siku ya kukifungua, wageni walirudi kutazama kama tumekipenda. La sivyo, saruji iliyobaki ingepelekwa kijiji kingine. Nami, kwa sombe ya majani ya muhogo niliyokula bila kiasi, tumbo likanikamata, nikakimbilia ndani kabla ya sherehe. Kutaka kutoka, nachungulia kwenye ufa wa mlango, namwona mama mkwe wangu ameketi juu ya jiwe hapo mbele, anangoja zamu! Kwetu mtu na mama mkwe wake hata njiani wanakwepana, sembuse mlangoni mwa choo. Nikatulia. Kukohoa niliogopa, kikohozi changu anakijua.

"Uyu iko ndani amelala?" mtu akauliza.

"Mumuache," akajibu mama mkwe, "pengine tumbo inamusumbua, mutoto ya batu."

"Na Muzee iko wapi? Bageni banangoja aombe!"

Basi nikapaza sauti mle mle ndani: "Wapendwa, tufunge macho, tuombe!" Nikafungua mlango, nikapita nikiomba, nikalizunguka kanisa nikiomba, amina nikaisemea nyuma ya ukuta.

Ndipo nikamsikia mama mkwe: "Mukwe ameisha kupita? Nifungue macho?"

Kicheko kilichotoka hapo! Mama Riziki safari hii hakungoja ruhusa. "Ile siku nilitaka kusema hii! Sisi na bakwe betu, choo moja? Tutarudia ku pori!"

"Mnataka nini basi, mama?" mgeni akauliza.

"Kadogo, nyuma ya nyumba, kila mutu na yake."

Nikajua nimeipoteza saruji ya watu. Lakini Mungu ni mwema: wageni wakakubali kubadili mpango, na saruji ikabaki.

Siku hizi siufungi mkutano mpaka akina mama waseme wenyewe wamemaliza, hata jua likizama. Kile kikubwa tumewaachia wageni wa kanisa. Mama mkwe ana chake upande wa migomba, nami nina changu. Naingia, nafunga mlango, namshukuru Mungu bila haraka.