Jina Lililoleta Shoti

Wengi hukuta jina la mwanamke mwingine kwa simu ya bwana. Gatwiri alilikuta kwa bodi ya stima, limeandikwa kwa shaba.

Hii ilitokea Meru, hapo Kaaga, na si zamani.

Gatwiri na bwanake Mbae hutengeneza vifaa vya kupima joto kwa wafugaji wa kuku wa Ruiri. Mbae huchora bodi kwa kompyuta, yaani kile kibao cha kijani kinachokaa ndani ya kifaa. Gatwiri hukagua mchoro kabla haujatumwa kiwandani.

Asubuhi hiyo Mbae alikuwa ametoka kununua waya. Gatwiri akafungua mchoro mpya, akaiambia programu ikague.

Alama nyekundu. Shoti.

Laini ya chanya na ya hasi zilikuwa zimegusana. Bodi kama hiyo ukiiwasha, inaungua tu.

Akazisogeza laini, akakagua tena. Shoti bado iko.

Akaficha tabaka la juu abaki na la chini pekee, akavuta picha karibu. Kumbe ni herufi. Mguu wa K umekanyaga laini zote mbili.

KAARI.

Huyu Kaari ni nani?

Tangu mwaka jana Mbae alikuwa amebadilika. Haongei. Jumapili anatoka, ukimuuliza anaenda wapi anasema, "Hapo tu." Stori yote ikajiunda kichwani mwa Gatwiri, akaanza kukunja nguo zake aondoke.

Mbae aliporudi alikuta begi mlangoni. Gatwiri akamgeuzia kompyuta.

"Kaari ni nani?"

Mbae akaketi.

"Ni msichana wetu," akasema.

Gatwiri akashika meza.

Msichana wao alizaliwa mwaka jana, kabla ya miezi kutimia. Stima ikapotea wodini, kitanda chake cha joto kikapoa, na hakuna aliyejua mapema. Walimzika bila jina. Tangu hapo hawakumtaja.

Mbae akamweleza kwamba Jumapili huenda kaburini. Na kwamba bodi hii haikuwa ya vifaranga. Ilikuwa ya kitanda kama kile, ipige kelele joto likianza tu kushuka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema tusimtaje tena. Na mimi nilitaka awe anaitwa kitu."

Gatwiri alilia mpaka sauti ikakauka.

Lakini shoti ilikuwa bado pale, na jina halingeweza kubaki kwenye shaba. Mbae akanyoosha mkono alifute. Gatwiri akamzuia. Akalichagua lile jina, akalihamishia tabaka la wino, lile la maandishi, ambalo halipitishi stima. Akakagua.

Makosa: sufuri.

Usidhani waliamka wamepona. Kuna siku bado wanapishana jikoni bila neno. Lakini mtoto wao sasa wanamwita kwa jina.

Ndugu yangu, msiba wa watu wawili usiubebe peke yako. Utadhani unamlinda mwenzako, kumbe naye anaungua kivyake, nyumba hiyo hiyo.