Nguzo ya Kwanza Kando ya Zizi

Miaka ile ya tisini nilikuwa afisa wa probesheni Migori, na ubishi nilikuwa nao tele. Wakubwa wangu walisema mfungwa akitoka apewe msumeno na randa, atatulia. Ndivyo walivyomfanyia kijana mmoja aliyefungwa kwa wizi, akajifunza useremala gerezani. Mimi nikauliza, sawa, atalala wapi?

Wakacheka. Si ana mama Uriri? Anaye! Lakini mimi ni Mjaluo wa Homa Bay, nimewaona kaka zangu wakihama nyumba ya mama mara tu sauti zilipokuwa nzito. Mwanamume mzima halali kwa mamake. Na nyumba ya huyu seremala wetu ilikuwa imeliwa na mchwa alipokuwa ndani. Basi mchana alipiga randa kwa mama, jioni akateremka Suna kulala kwa wale wale walioiba naye. Nilijua watamrudisha jela, na roho iliniuma.

Kujenga nako kuna utaratibu. Baba ndiye huonyesha mahali pa nguzo ya kwanza. Babake alishafariki, akabaki baba mdogo, aliyekaa boma lile lile la mama. Na ng'ombe aliofungiwa kijana, wale waliouzwa sokoni Ogwedhi, walikuwa wa huyo huyo baba mdogo.

Nikamwendea.

"Yawa! Mwizi wangu nimjengee?"

"Usimjengee, mzee. Mwonyeshe mahali tu. Miti tutatafuta sisi."

"Wewe msichana wa serikali, una kichwa kigumu."

"Ndiyo, mzee. Na kesho nitakuja nacho tena."

Nikaenda kesho, na wiki iliyofuata. Siku moja alinifukuza, nikamaliza kwanza uji wa mkewe ndipo nikaondoka. Sikuwa na wasiwasi. Angekuwa amekataa kweli, asingekuwa anapiga kelele vile.

Jumapili moja akatoka na jembe. Kijana alikuwa amesimama nami, nguzo begani, hakusalimiwa. Mzee akapita mlango wa mama, akapita magofu ya ile nyumba ya zamani, akaenda kusimama kando kabisa ya zizi lake. Akachimba.

"Hapa," akasema. "Masikio yangu yamezeeka. Ng'ombe wakishtuka usiku, wewe utawasikia."

Kijana, na ndevu zake zote, akaangua kilio. Ikabidi mimi nishike nguzo. Ilikuwa nzito, na mzee akanigombeza kwamba naipindisha.