Vigelegele Katikati ya Mafunjo

Bibi yangu Yunisi hakuogopa maji. Alichoogopa ni kuchelewa. Binti yake mkubwa, Magdalena, alifariki kwa uzazi kule Kinampanda wakati Bibi yuko njiani na kikapu cha unga kichwani, na tangu siku hiyo hata kanisani alikuwa anafika kabla ya mwenye ufunguo. Kwa hiyo mama yangu Dorika, binti aliyebaki, alipoolewa upande wa pili wa Ziwa Kitangiri na kupata mimba yangu, Bibi alitangaza mapema kwamba huyu hatazalia mikononi mwa watu baki.

Mume wa Dorika, yaani baba yangu, aliitwa Simeoni. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, na mbishi kuliko punda. Baada ya vita ya Hitla alikwenda Pangani kukata mkonge, kama vijana wengi wa Iramba waliokuwa wakitafuta kodi ya Mwingereza. Wenzake walirudi na baiskeli. Yeye alirudi na wazo. Alikuwa ameona vyombo vya tanga, basi akachonga mlingoti, akashona tanga la kitambaa cha marekani, akavifunga kwenye mtumbwi wa marehemu baba yake. Watu wa kando ya ziwa walimcheka mpaka wakachoka, naye akaendelea kupita mbele yao akiwa amekaa tu, upepo unafanya kazi.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Katika ukoo wetu, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawaitani majina, hawasemeshani moja kwa moja, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Ni heshima, si chuki. Zuio hilo hulegea siku mtoto wa kwanza anapozaliwa: bibi humpa mkwe wake chakula kwa mkono wake mwenyewe, na kuanzia hapo wanakuwa mama na mwana. Kabla ya siku hiyo, ukimwona anakuja njiani, unaingia porini mpaka apite. Kwetu pori liko la kutosha. Kwenye mtumbwi halipo.

Mwaka ule masika yalikuja na hasira. Mito ilivunja kingo, mbuga ikawa tope la kiunoni, na njia ya kuzunguka ziwa kwa miguu ikafa. Baba akaenda kumchukua Bibi kwa mtumbwi. Walikubaliana kwamba Anastazia, jirani yake Bibi, akae katikati yao awe pazia na mpeleka maneno. Anastazia aliweka mguu mmoja ndani, mtumbwi ukayumba, akautoa. Akasema atawaombea akiwa nchi kavu.

Wakaondoka wawili. Bibi alikaa mbele, uso kuelekea mbele. Baba alikaa nyuma na kafi la kuongozea, macho kwenye tanga. Walipohitaji kusemezana, waliuambia mtumbwi.

“Mtumbwi, mwambie mama ainame, tanga linageuka.”

“Mtumbwi, mwambie nimeshainama.”

Walifuata ukingo kwa sababu katikati mawimbi yalikuwa makubwa, na wangefika kesho yake kama upepo usingegeuka. Uligeuka. Ukaja wa mbele, na mvua ndani yake, maji yakaanza kuingia haraka kuliko Bibi alivyoweza kuyachota kwa kibuyu. Baba akaelekeza mtumbwi kwenye mafunjo, wakakwama juu ya kipande cha ardhi kilichoinuka, ambapo wavuvi walikuwa wameacha kibanda kimoja cha nyasi. Kimoja tu.

Hapo ndipo walipofungwa. Nyuma yao kulikuwa na maji ya kifuani na viboko wanaokoroma usiku kucha. Mbele yao upepo. Kila asubuhi Baba aliusukuma mtumbwi majini, akapigana, na kila asubuhi upepo ulimrudisha pale pale. Bibi alikaa mlangoni mwa kibanda akitazama upande aliko Dorika. Aliniambia alijisikia kama kuku aliyefunikwa kikapu huku anasikia vifaranga vyake nje. Alikuwa anamkumbuka Magdalena tu, na kile kikapu cha unga.

Kibanda kilikuwa cha Bibi. Baba aliupindua mtumbwi, akalala chini yake, juu ya ardhi iliyolowa. Bibi alipika ugali wa mtama, akauweka kwenye majani katikati ya kibanda na mtumbwi, akarudi ndani, akakohoa. Baba akatoka, akachukua, akala akiwa amegeukia ziwa. Ndivyo walivyoishi. Mimi ningeshapiga kelele siku ya kwanza, lakini wao hawakuona ajabu yoyote.

Kisha siku moja ugali ulibaki pale pale, mvua ikautawanya.

“Mtumbwi,” Bibi akasema, “mwambie chakula kinaharibika.”

Mtumbwi haukujibu. Bibi alisikia meno yakigongana.

“Mtumbwi, mwambie aje alale kando ya moto. Mimi nitatoka.”

“Mwambie mama hawezi kukaa kwenye mvua,” Baba akajibu, kwa sauti ambayo Bibi alisema haikuwa hata na nguvu ya kubisha.

Bibi akatoka kinyumenyume. Alirudi nyuma hatua kwa hatua kwenye tope, mgongo wake ukimwelekea mkwe wake kwa heshima, mkono umenyooshwa nyuma, mpaka akagusa mguu. Ulikuwa wa moto kama jiwe la mafiga. Akasimama pale akifikiri. Huyu akifa, Dorika atabaki na mama asiyeweza kumfikia na mume asiyekuwepo. Akageuka, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza.

“Simeoni,” akasema. “Amka ule.”

Baba akajifunika uso kwa mikono. Bibi akamletea uji, Baba akaubana mdomo. Bibi akamwomba, akamkemea, akamwambia kwamba Mungu haoni vibaya. Baba alitikisa kichwa tu. Alikuwa anatetemeka mpaka mtumbwi ulikuwa unagonga juu yake, na bado alikuwa anamheshimu. Bibi alisema hakuwahi kumkasirikia mtu kama alivyomkasirikia mkwe wake siku ile, wala kumpenda vile.

Ndipo alipofanya alichofanya. Akasimama wima juu ya kile kipande cha ardhi, mvua inampiga usoni, akapiga vigelegele. Akapiga virefu, mpaka ndege wakaruka kwenye mafunjo.

Baba akafunua uso. “Nini?”

“Dorika amejifungua,” Bibi akasema. “Tumbo langu limeniambia. Tumbo la mama halikosei.”

“Wa kike au wa kiume?”

Bibi akafikiri ni yupi atakayemwinua baba mgonjwa haraka zaidi. “Wa kiume,” akasema. Hilo sijamsamehe kabisa.

Baba akafungua mdomo. Akala uji kutoka mkononi mwa mama mkwe wake, kijiko baada ya kijiko, machozi yanamtoka, kisha akatambaa hadi kibandani akalala kando ya moto. Bibi akakaa karibu naye akimfuta jasho. Ila moyoni alikuwa ameganda kwa hofu. Kwetu mtoto hashangiliwi kabla hajafika, maana ni kumwitia mabaya. Hata nguo yake haishonwi mapema. Naye alikuwa ameshangilia kwa sauti kubwa, porini, mtoto ambaye huenda alikuwa hai na huenda hakuwa.

Homa ilishuka kabla ya upepo. Asubuhi moja maji yakatulia, wakasafiri. Safari hii Bibi alikaa akimtazama Baba, kwa sababu sasa walikuwa mama na mwana, na Baba alizungumza njia nzima. Mtoto ataitwa Marko, jina la marehemu babu yake. Atamchongea kafi dogo. Atamfundisha tanga, na watu wacheke wanavyotaka. Bibi aliitikia kila kitu. Kule kisiwani alikuwa amefungwa na upepo, na humu alikuwa amefungwa na mdomo wake mwenyewe. Alitaka kufika na hakutaka kufika.

Dorika alikuwa amesimama ufukweni. Tumbo lake lilitangulia mbele yake, kubwa, zima.

Baba alilitazama tumbo. Akamtazama Bibi. Kisha akalivuta tanga la mtumbwi, akajifunika nalo kichwa hadi magotini, akakaa hivyo huku mtumbwi unajiendea wenyewe mpaka ukagonga matope. Mama yangu alidhani ni maiti. Alipiga yowe, na Bibi akawa na kazi ya kueleza.

Nilizaliwa siku chache baadaye, mchana, jua likiwa limetoka. Uzazi ulikuwa mgumu, kama ule wa Magdalena, na ni mikono ya Bibi iliyonigeuza na kunitoa. Mama amenithibitishia hilo mara nyingi. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie kwamba Bibi alifanya makosa.

Nilipolia, wanawake waliokuwa ndani wakamgeukia Bibi. Mama mzaa mama ndiye anayeanza vigelegele. Bibi akafungua mdomo, sauti haikutoka. Alikuwa amenishika, nina damu bado. Alikwisha kunishangilia wakati sikuwepo, kwa uongo, na nikaja hai. Aliogopa kurudia, asije akaniitia mabaya mara ya pili. Mama yangu akaanza kuuliza kama kuna kasoro.

Baba alikuwa nje, ameegemea ukuta wa udongo. Tangu walipotua hakuwa amemsemesha Bibi, wala hata mtumbwi hakuupa maneno ya kumpelekea.

“Wa kike au wa kiume?” akauliza.

“Wa kike,” Bibi akajibu, kwa sauti ndogo.

Kisha Baba akasema kupitia ukutani, moja kwa moja, bila kumtuma yeyote:

“Basi piga, mama. Vile vilikuwa vya mvulana. Huyu bado hajapigiwa.”